Kijiti Kilichovuka Mkonge

Picha ilitakiwa kila Ijumaa kabla jua halijapanda juu ya kichwa. Jua likishapanda, alisema mjukuu wangu, majani yote yanaonekana meupe na watu wa ofisini hawawezi kujua kama mahindi yanaumwa au yana afya. Basi kila Ijumaa nilikuwa naamka kama mtu aliyeitwa kwa chifu. Mimi niliyezaa watoto saba, nikazika wawili na baba yao, nilikuwa naogopa simu.

Nianze na huyo mjukuu, maana bila yeye nisingejua hata simu inawashiwa wapi. Ni binti wa mwanangu wa kwanza. Nilimlea mimi tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na ndiye wa kwanza katika boma letu kuvaa joho jeusi la chuo. Alisomea kilimo. Picha yake na hilo joho imo ukutani kwangu, mkabala na mlango, na mtu akija hata kuomba chumvi lazima aitazame kwanza. Majirani wanasema najisifu. Ndiyo, najisifu. Nikinyamaza nani atanisifia?

Lakini joho haliliwi. Baada ya chuo alikaa Kisumu miaka miwili bila kazi, akimsaidia rafiki yake kuuza mitumba soko la Kibuye. Mimi nilikuwa naenda sokoni na sukuma wiki yangu, namwona pale amekaa juu ya rundo la suruali za watu tusiowajua, anapigia wateja kelele mpaka sauti imekauka. Nilikuwa napita njia ya nyuma ili nisimwaibishe, au nisijiaibishe, sijui.

Halafu mwaka huu, mvua ya masika ikikaribia, akapata kazi kwenye ofisi moja huko mtaa wa Milimani, mjini, ndani ya boma kubwa lenye nyasi zilizokatwa vizuri na hakuna hata ng'ombe mmoja wa kuzila. Kazi yenyewe ilikuwa hii: kuwatafuta wakulima wa huku kwetu Kano, karibu na ziwa, awafundishe kupiga picha mashamba yao kwa simu kila wiki. Picha zinakwenda ofisini. Huko wanaziangalia, wanaona ugonjwa, wanaona ukame, wanaona maji, wanatuma ushauri. Na mkulima akiharibikiwa kabisa, picha zake ndizo shahidi, anapewa mbegu ya msimu unaofuata. Mjukuu wangu alichukuliwa kwa majaribio ya miezi mitatu. Miezi mitatu ikiisha, mkubwa wake angeamua abaki kazini au arudi Kibuye kwenye suruali.

Mkulima wa kwanza kabisa aliyemwandika kwenye orodha yake ni mimi.

Alikuja na kijiti chenye urefu wa kufika kifuani, kimepakwa rangi nyekundu kichwani. Akakipigilia kwenye pembe ya shamba langu kwa jiwe.

"Dani, hiki usikitoe," akasema. Dani ni bibi kwa lugha yetu. "Unaweka simu juu yake hivi. Mgongo kwa ziwa, uso kwa milima. Kila wiki hapo hapo. Usisogee hata hatua moja."

"Na kama mahindi mazuri yako upande mwingine?"

"Hata kama. Tunataka shamba jinsi lilivyo. Siyo harusi."

"Hata maiti huoshwa kabla watu hawajaitazama."

Alicheka mpaka akashika magoti. "Dani, wacha maneno. Bonyeza hapa."

Nikabonyeza. Kidole changu kimekauka kwa jembe, ile simu haikukisikia. Nikabonyeza tena, nikakilamba, nikabonyeza mara ya tatu, na shamba langu likaingia ndani ya kioo. Nimelilima shamba hilo tangu niletwe kwenye boma hili nikiwa msichana, lakini sikuwa nimewahi kuliona. Nilikuwa naona jembe, naona magugu, naona miguu yangu. Sasa niliona udongo mweusi ukienda mbele kama mkeka, mstari wa mkonge upande wa kulia, mbali kabisa milima ya Nandi imekaa kama watu waliojifunika blanketi, na juu yake wingu moja. Nikamwuliza kama ni letu hilo. Akasema, "Lako, Dani. Kila kitu hapo ni chako mpaka kwenye mkonge."

Mpaka kwenye mkonge. Nisikilizeni hapo.

Upande wa pili wa mkonge ni shamba la mke mwenzangu. Mume wetu aligawa mwenyewe akiwa hai. Mimi ni mikayi, mke wa kwanza, kwa hiyo nilipewa upande wa chini unaoelekea ziwani, udongo mweusi unaoshika maji, uliootesha chochote ulichoutupia. Yeye aliyekuja nyuma yangu akapewa upande wa juu wenye changarawe. Alinung'unikia ile changarawe miaka thelathini, na mimi nilikuwa namwitikia kwa kuimba nikipalilia.

Wiki za kwanza nilifanya kazi yangu kwa haki. Mgongo kwa ziwa, uso kwa milima. Lakini siwezi kusema uongo, nilikuwa nalipamba shamba. Alhamisi jioni nilipalilia mistari ya mbele, ile inayoonekana na simu. Nilichuma majani yaliyotoboka nikayafukia. Ijumaa asubuhi nilijifunga kitambaa changu cha kanisani kichwani, ingawa mimi mwenyewe sikuwamo kwenye picha. Mjukuu wangu alikuwa anapiga simu jioni: "Dani, picha yako imeingia. Ndiyo ya kwanza kufika ofisini." Mimi nilikuwa natembea na neno hilo wiki nzima. Nililipeleka mpaka kanisani.

Kisha ziwa likaanza mambo yake. Miaka hii ziwa letu halina adabu. Zamani lilikuja kwa mlango, unaona mto umefura, unahamisha kuku. Siku hizi linakuja chini kwa chini kama mwizi anayechimba ukuta. Unakanyaga shambani, udongo juu ni mkavu, halafu kisigino kinazama na maji yanachungulia. Mahindi yangu yalikuwa yamefika gotini yakasimama hapo. Majani ya chini yakawa manjano. Wiki iliyofuata ya katikati yakafuata. Upande wa pili wa mkonge, kwenye changarawe ile iliyochekwa miaka thelathini, mahindi ya mke mwenzangu yalikuwa meusi kwa afya, yanapita kifua.

Ninajua unachotaka kusema. Hiyo manjano ndiyo waliyoitaka kuiona ofisini. Ndiyo, alinieleza. Lakini siku ile nikisimama nyuma ya kijiti na kitambaa changu cha kanisani, sikumwona mkulima anayehitaji ushauri. Nilimwona mkubwa wake huko Milimani akisema: huyu msichana tumemwajiri kufundisha wakulima, na angalia shamba la bibi yake mwenyewe. Nilimwona mjukuu wangu amerudi kwenye rundo la suruali. Majirani nao niliwaona, wale ambao nimewatazamisha picha ya joho kila walipokuja kuomba chumvi.

Nikang'oa kile kijiti. Kilitoka kwa urahisi, udongo ulikuwa laini kama uji. Nikapita katikati ya mkonge, ukanichana mkono, nikakichomeka upande wa pili. Hatua tatu tu. Mgongo kwa ziwa, uso kwa milima. Milima ile ile, wingu lolote litakalokuja. Nikabonyeza, nikakirudisha kijiti mahali pake.

Jioni simu ikalia. "Dani! Mahindi yako yamebadilika kabisa! Ulifanya nini?"

"Niliweka samadi," nikasema. Uongo wa kwanza mdogo, umekaa mdomoni kama punje ya mchanga.

Nilifanya hivyo Ijumaa tano. Kila Ijumaa nilikuwa naangalia kwanza kama moshi unatoka jikoni kwa mke mwenzangu, nijue ameinama kwenye moto, ndipo nivuke. Nilibonyeza kwa haraka mpaka picha nyingine zilitoka kama zimepigwa ndani ya maji. Nilirudia. Mchana nikila, ugali haushuki. Nilipungua mpaka kiuno cha sketi yangu kikaanza kuzunguka, na mjukuu wangu alipokuja kunitembelea Jumapili akasema nina homa.

Alikuwa akija mara kwa mara wakati huo, na lazima niseme tulivyokuwa tunafanya. Kanuni ya kazi yake ilikuwa atembee kwenye shamba la kila mkulima, aingie mistari, ahakikishe picha na shamba vinafanana. Kwa watu wengine aliingia. Kwangu alifika amechoka, viatu vimejaa tope, na mimi nilimpokea mkoba mlangoni, nikamkalisha, nikamletea maji ya kunawa, samaki na ugali. Akimaliza kula jua limeshuka. "Shamba linaendeleaje, Dani?" "Linaendelea." Anaandika kwenye simu yake kwamba ameliona. Nani huku kwetu anakagua shamba la bibi yake kama askari? Ni kumwambia: sikuamini. Hakuweza kunifanyia hivyo, na mimi nilijua hawezi. Ilikuwa ndiyo kinga yangu, hiyo heshima yake.

Miezi mitatu ilikuwa karibu kuisha. Jumatatu moja akanipigia, anaongea kwa kasi kama mtu anayekimbia.

"Dani, keti chini."

"Nimekaa."

"Mkubwa wangu ameipenda picha yako. Ameiweka ukutani ofisini. Shamba lililo karibu na ziwa na bado liko kijani! Anataka kujua umefanyaje ili wengine wafundishwe. Tunakuja Alhamisi. Anasema akishaona shamba lako ndipo ataandika barua ya kazi yangu. Dani? Uko?"

"Niko."

"Hufurahi?"

"Ninafurahi sana," nikasema.

Ile wiki sijui niiseme vipi. Jumanne nilikwenda Kibuye na mboga, nikamrudishia mteja chenji mara mbili. Nilipopita kwenye mitumba nikasimama mbele ya yule rafiki yake. Mahali alipokuwa anakaa mjukuu wangu palikuwa wazi, pamewekwa gunia. Nikaona kama pamehifadhiwa, panamngoja. Nilijaribu kumpigia simu nimwambie ukweli. Ikaita, akapokea, akasema, "Dani, niko kwa shamba la watu, nitakupigia," na mimi nikasema, "Nilitaka tu kukusalimia."

Jumatano asubuhi nikaamua nitafanya hivi: nitakichomeka kijiti upande wa pili mapema, nikiache huko huko, ili Alhamisi wageni wakifika wakikute mahali picha inapofanana. Nitawapitisha kwa njia ya juu wasiione manjano. Watakula, wataondoka. Hiyo ndiyo hekima niliyoipata baada ya siku mbili za kutolala. Nikavuka, nikakichomeka, nikakigonga kwa jiwe mara tatu kiwe imara. Nikainua kichwa. Mke mwenzangu alikuwa amesimama ndani ya mahindi yake, jembe begani.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mikayi," akasema. "Kwa hiyo umeanza kupima."

Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Watu wa huku wataelewa, wengine niwaeleze. Sisi hatuna hati. Ardhi yetu bado iko kwa jina la baba mkwe, ambaye mifupa yake ishageuka udongo. Kinachosema hapa ni pangu na pale ni pako ni ule mkonge, na kumbukumbu ya watu. Kijiti kipya kikichomekwa shambani mwa mtu, chenye rangi nyekundu kichwani, si kijiti tena. Ni mpimaji anakuja. Ndugu wamekatana panga kwa vijiti vya namna hiyo. Na mimi mjane mkubwa wa boma nilikuwa nimekipigilia kwa jiwe shambani mwa mjane mdogo, mchana mweupe, na kitambaa cha kichwa nimejifunga vizuri.

"Siyo hivyo," nikasema.

"Siyo vipi? Kinaota? Ni mti?"

"Ni cha picha."

"Picha! Wiki tatu mimi naona matundu hapa. Tundu moja, tundu la pili. Nikasema labda ni fuko. Kumbe fuko ni mke mkubwa!" Akashusha jembe. "Ziwa limekula kwako sasa unataka changarawe yangu? Ile uliyokuwa unaiimbia nyimbo? Wacha niwaite wanangu."

Wanawe ni wanaume watu wazima, na wanangu pia ni wanaume watu wazima, na mapanga yapo kila nyumba. Nikamshika mkono. Sijamshika mkono yule mwanamke tangu siku ya mazishi.

"Nyieka," nikamwita, ambayo ni mke mwenzangu, na si neno nililokuwa nalitumia kwa upole. "Nisikilize kwanza. Sitaki ardhi yako. Niliiba mahindi yako."

"Mahindi yangu yako hapa yote. Nimeyahesabu."

"Niliyaiba kwa macho." Nikamweleza yote. Ijumaa tano. Milima. Samadi. Barua ya kazi. Nilimweleza nikiangalia miguu yake, ina nyufa kama yangu.

Halafu akaanza kucheka, cheko la kutoka tumboni, mpaka akakaa chini kati ya mistari. "Yawa! Kwa hiyo mahindi yangu yako ukutani Milimani? Na wanasema ni ya nani?"

"Yangu."

"Miaka thelathini unanicheka. Thelathini! Kumbe ulikuwa unasubiri tu yaote." Akajifuta machozi kwa upindo wa leso. "Na kesho wanakuja kuona."

"Kesho. Nyieka, nakuomba. Kesho tu. Waambie ni langu, au usiseme kitu. Wakiondoka nitakuja kukuangukia mbele ya watoto wote."

Uso wake ukabadilika. Akasimama, akang'oa kile kijiti kwa mkono mmoja, akanipa.

"Mahindi ningekuazima," akasema. "Ungekuja kuomba mahindi ningekupa hata ya kuchoma. Udongo hapana. Wewe kesho utasimama hapa mbele ya watu wa ofisi, useme shamba hili ni lako, na wao wana simu, wanaandika, wanapiga picha. Wewe na mimi tutakufa. Ile picha itabaki. Siku moja mjukuu wako mwingine ataitoa sandukuni awaonyeshe wajukuu wangu. Atasema, tazameni, bibi yangu alisema hapa ni petu."

Nimesoma mpaka darasa la tatu, naye hakusoma hata moja, lakini aliona mbali kuliko mimi na simu yangu.

"Basi mtoto atapoteza kazi," nikasema.

"Mwambie ukweli kabla hawajafika."

Nilimpigia mara nne jioni ile. Simu yake ilikuwa imezima, chaji ilikuwa imekwisha, nilikuja kujua baadaye. Alhamisi waliahidi kuja saa nne. Walifika saa mbili na nusu, mimi bado nina majivu mikononi.

Mkubwa wake alikuwa mwanamke, mtu wa kutoka upande wa Mlima Kenya, ana viatu vya mpira na kofia, si yule mwanaume mwenye tai niliyekuwa namwogopa kichwani. Akanisalimia kwa mikono miwili. Mjukuu wangu alikuwa anang'aa. Alikuwa amesuka nywele. Aliposema, "Madam, huyu ndiye Dani wangu," niliona jinsi shingo yake ilivyonyooka, na nikataka ardhi ile ya maji inimeze mzima.

Nikawaletea viti. Madam akasema, "Mama, tutakaa baadaye. Twende shamba kwanza."

"Kaa kwanza unywe chai."

"Shamba kwanza, Mama. Chai tutakunywa tukirudi."

Mtu mwingine angekaa. Huyu alikuwa tayari ameanza kutembea. Mke mwenzangu alikuwa amesimama kwenye mkonge na mikono kiunoni, ananitazama tu, hanisaidii, hanizuii. Tukafika pembeni. Kijiti kilikuwa mahali pake pa zamani, ndani ya tope, na mbele yake mahindi yangu: mafupi, manjano, mengine yamelala. Madam akatoa simu yake, akaiangalia ile picha, akainua macho akaangalia shamba, akaangalia tena picha. Mjukuu wangu akatabasamu, tabasamu likabaki usoni halina mwenyewe.

"Dani," akasema polepole, "ni kijiti gani hiki?"

"Ndicho hicho hicho," nikasema. "Madam, hilo la picha si shamba langu. Langu ni hili bovu. Hilo zuri ni la huyu mwanamke hapa, na nalisema mbele yake asije akasikia vingine. Kila kitu upande ule ni chake. Mimi ndiye niliyesogeza kijiti, mara tano. Hakuna aliyenituma."

Nyange wawili walikuwa wanatembea kwenye maji kati ya mahindi yangu, wanaokota vyura.

Madam hakunigeukia mimi. Alimgeukia mjukuu wangu. "Ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Umeandika umeingia shamba hili mara sita."

Mjukuu wangu akaiangalia simu yake. Nikaona midomo yake imekuwa ya kijivu. Nilitaka kusema aliingia. Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi, uko tayari, umekwisha kuvaa nguo. Mke mwenzangu akautangulia.

"Huyo msichana hajawahi kuvuka jikoni," akasema. "Akija anaketi kwa bibi yake analishwa samaki mpaka jua linazama. Mimi namwona. Hajui kitu huyo. Bibi yake alimfungia kwa chakula."

Mpaka leo sijui kama alimwokoa au alimchoma kisu. Naye akiulizwa anasema alisema alichokiona. Kwa maneno hayo Madam alijua mtoto hakuwa mwizi pamoja nami. Kwa maneno hayo hayo alijua alikuwa anaandika kazi ambayo hakuifanya. Akaandika kitu kwenye kidaftari, mstari mfupi. Kisha akavua kofia, akaingia ndani ya mahindi yangu na viatu vyake vya mpira, akapiga picha moja baada ya nyingine: majani ya manjano, mizizi iliyooza, maji kwenye nyayo zake. Alipiga nyingi kuliko nilizopiga mimi msimu mzima.

Chai haikunywewa. Mjukuu wangu alirudi nyumbani kuchukua mkoba wake. Nilimfuata mlangoni.

"Niliwaambia watu wote ofisini wewe ni nani," akasema bila kuniangalia. "Kama ungeniambia tu yamekuwa manjano, ningekuja kuyaangalia."

"Nilitaka usiaibike."

"Sasa sijaaibika?"

Gari likaondoka. Siku kumi na mbili hakupiga simu. Nilikuwa naiweka chaji ikiwa bado imejaa. Nilikuwa nainua nione kama mtandao upo, naipeleka mpaka kwenye kichuguu, narudi nayo. Ikilia ni kampuni ya simu inaniuzia bando. Nilijua barua inaandikwa mahali fulani ndani ya lile boma la nyasi zilizokatwa, na kila neno ndani yake nimelipanda mimi.

Siku ya kumi na tatu alikuja mwenyewe kwa miguu kutoka barabarani. Hawakumfukuza. Wamemwongezea miezi mitatu mingine ya majaribio, wakamwambia hatawaandika tena watu wa damu yake, na wakamhamisha ng'ambo ya ghuba, upande wa Homa Bay, ambako hakuna anayemjua. Kabla hajaondoka ilibidi arudi kwenye mashamba yote ya orodha yake, aingie kila mstari, apige picha upya peke yake. Alifanya hivyo kwa majuma mawili, kwenye jua. Kwangu alikuja mwisho. Nilikuwa nimepika. Alipita mlango wa nyumba akaenda moja kwa moja shambani, na mimi nikabaki na sahani mkononi, na nilijua ndivyo inavyopasa, na iliniuma vilevile.

Mbegu ya bure sikupewa msimu huu, na sikuomba. Ijumaa bado natuma picha. Kijana fulani nisiyemjua anajibu kwa neno moja: imefika. Mke mwenzangu anasema mahindi yangu yakiwa kwenye simu yanatisha watoto.

Majuzi, asubuhi, mjukuu wangu akapiga simu kutoka huko ng'ambo. Sauti ilikuwa ya chini, kama amejificha nyuma ya nyumba ya mtu.

"Dani, niko kwa mama mmoja mzee hapa. Ni mtu mzuri sana. Amechinja kuku, ameshanivua viatu, anasema shamba halikimbii. Nikikataa atakasirika, na bado wiki tano tu ndipo waamue juu yangu. Nifanye nini?"

"Vaa viatu," nikasema. "Mwambie kuku naye hakimbii, ameshachinjwa. Ingia shambani kwanza."

"Atasema nimemdharau."

"Atasema. Ingia."

Nikamsikia akivuta pumzi. Kisha mtandao ukakatika, au yeye akakata. Hiyo ilikuwa Jumanne. Leo ni Ijumaa, picha nimeshaituma, simu iko hapa mbele yangu, na bado hajaniambia alianza na kipi, shamba au kuku.